Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo: Tufungulieni chati

Kwa Mkurugenzi wa Masomo,
Chuo cha lugha, masomo ya mtandaoni.

KUH: KUFUNGWA KWA CHATI KATIKA DARASA LA KIINGEREZA LA JIONI

Bi. Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni muuguzi, na kwa miezi saba sasa nimekuwa mwanafunzi wako katika darasa la Kiingereza la Jumanne na Alhamisi, saa mbili usiku hadi saa tatu na nusu. Karo natuma kwa M-Pesa kila tarehe 5 na risiti zote ninazo. Nalitaja hilo mapema ili ijulikane kwamba sina deni na chuo, wala sina ugomvi na mtu.

Jina la chuo sitaliandika hapa. Wewe utajua ni wewe, na wenzangu watajua ni sisi. Inatosha.

Nimekuandikia barua pepe tatu. Ya kwanza nilijibiwa na mashine kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mstari mmoja: uamuzi umeshafanywa kwa manufaa ya darasa. Nikapiga simu ofisini, dada aliyepokea akaniambia kwa upole nisubiri, nitapigiwa. Hii ni wiki ya tano nasubiri. Wenzangu 14 wamenituma niseme kwa niaba yao pia, na ndiyo sababu leo nasema hadharani.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa pili, bila taarifa yoyote, lile dirisha dogo la pembeni tulimokuwa tukiandikia wakati wa somo, tunaloliita chati, lilifungwa. Ukiligusa unaambiwa mwenyeji wa kikao amezima. Kwa mtu aliye ofisini, penye intaneti ya waya na stima isiyopotea, hicho ni kitu kidogo. Kwetu ilikuwa nusu ya darasa, na kwa baadhi yetu ilikuwa darasa lote.

Nikukumbushe tuliomo. Tuko 41. Wengi ni wauguzi na matabibu wa vituo vya afya vya Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Bungoma. Wawili wako Nakuru. Yuko pia mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye haendi popote. Anachotaka ni kuongea Kiingereza mbele ya wazazi wa wanafunzi wake bila kutetemeka.

Sisi wauguzi tuna sababu yetu. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi kule. Miezi michache baadaye, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita walikuwa 10. Habari hiyo niliisikia nikiwa wodini, kwenye redio ya mgonjwa, na mkono wangu ukasimama juu ya faili. Watu waliofundishwa uuguzi kwa Kiingereza, wakaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza miaka nenda miaka rudi, walikuwa wamekwama kwenye Kiingereza. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 katika kuandika, kwa anayefanya IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa. Hizo ndizo alama tunazozifukuzia usiku baada ya zamu, miguu ikiwa imevimba. Kwa hiyo mtu akitupunguzia njia ya kujifunza, tunaisikia mara moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sauti hukatika kabla ya maandishi.

Naishi Nyalenda. Msimu wa mvua, jua likishazama, mawingu ya ziwani hupanda, radi huanza, na mara nyingi stima hupotea saa ileile ya darasa. Hapo nabaki na simu na data niliyonunua. Uso wa mwalimu unaganda mdomo ukiwa wazi. Sauti inakuja vipande vipande: neno, kimya, nusu ya neno. Lakini maandishi yalikuwa yanapita. Sentensi nzima ni nyepesi kuliko sekunde moja ya video, ndiyo maana hupenya pale ambapo sauti na picha zimekwama. Nimewahi kusoma somo zima hivyo, video nimezima, sauti inakuja na kupotea, namfuata mwalimu kwa yale anayoandika na wanayoandika wenzangu. Nilitoka nimejifunza kitu.

Sasa nikuambie kilichotokea mwezi wa tatu. Mwalimu alikuwa akitusomea maelezo ya mgonjwa nasi tuandike. Akafika kwenye kipimo cha dawa, nami nikasikia mwanzo wa nambari tu, mwisho ukamezwa na mtandao. Ilikuwa 15 au 50? Kwa Kiingereza nambari hizo mbili zinafanana mpaka silabi ya mwisho, na silabi ya mwisho ndiyo iliyopotea. Niliinua ule mkono wa kwenye skrini. Mbele yangu palikuwa na mikono sita. Mwalimu aliponifikia alikuwa ameshamaliza kusahihisha na kwenda mbele, akaniomba radhi kwamba muda umekwisha. Baadaye tulipoulizana kwa simu, watatu tulikuwa tumeandika 50 na wengine 15. Sisi ni wauguzi, Bi. Mkurugenzi. Unajua nambari hizo mbili zinatofautianaje kitandani kwa mgonjwa.

Utasema kwamba kwenye mtihani wa kusikiliza sauti huchezwa mara moja tu, hakuna wa kuuliza. Ni kweli kabisa. Lakini darasani nimekuja kujua nilikosea wapi ili nisikosee siku hiyo. Zamani ningeandika "15 au 50?" na mwenzangu wa Kakamega mwenye mtandao mzuri angenijibu kabla sijapumua.

2. Foleni ya maiki.

Hesabu yenyewe ni fupi. Somo lina dakika 90. Mwalimu akizungumza nusu yake, na lazima azungumze kwa kuwa ndiye anayefundisha, zinabaki dakika 45. Tugawanye kwa watu 41. Kila mmoja anapata dakika moja na sekunde chache, ikiwa hakuna anayekatikiwa na mtandao, hakuna anayesahau kufungua maiki, na hakuna mtoto anayelia nyuma ya mtu. Kwa hakika waongeaji ni walewale wanane wenye ulimi mwepesi na mtandao wa nguvu. Wengine tunatazama.

Na hata zamu yako ikifika, muda wa kufikiri haupo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwapima walimu darasani miaka mingi iliyopita, akaona kwamba mwalimu akishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena au kumpa mwingine. Aliposhauri wangoje sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu na bora. Kwenye simu, sekunde moja haitoshi hata kwa sauti kufika. Maandishi ndiyo yaliyokuwa yanatupa zile sekunde.

Naomba hapa nimsifu mwalimu wetu wa Alhamisi, kwa sababu alionyesha jinsi kitu hiki kinavyofanyika. Alikuwa akituuliza swali, kisha anasema: kila mtu aandike jibu lake, asitume. Tunaandika. Kimya kabisa, unasikia tu feni ya mtu fulani ikizunguka. Kisha anahesabu moja, mbili, tatu, na sote tunabonyeza kwa pamoja. Majibu 41 yanamiminika kwenye dirisha kwa mpigo kama mvua juu ya mabati. Hakuna aliyemwigiza mwenzake, maana hakuna aliyeona la mwenzake. Halafu mwalimu anapanda juu taratibu, anasoma, anasema hili zuri, na hili tazama kitenzi chake. Kwa dakika tatu kila mtu amesema kitu na amesomwa. Mwalimu wa shule ya msingi niliyemtaja, ambaye sijawahi kusikia sauti yake, alikuwa na majibu ambayo sote tuliyanakili.

Binamu yangu anayesomea ualimu ndiye aliyenitafutia maandishi ya wataalamu juu ya jambo hili. Richard Kern, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1995 alilinganisha wanafunzi wa Kifaransa wakijadiliana kwa mdomo na wanafunzi haohao wakijadiliana kwa kuandikiana kwenye kompyuta. Kwenye maandishi walichangia mara mbili hadi mara tatu na nusu zaidi, na sentensi zao zilikuwa mara mbili hadi nne zaidi. Kern mwenyewe hakuficha kwamba usahihi wa sarufi ulilegea katika maandishi hayo. Nami sifichi. Lakini anayelegea kwenye sarufi anaonekana na kusahihishwa. Aliyenyamaza hasahihishwi na yeyote.

3. Sauti ya "sh".

Hili ni langu mwenyewe na limeniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Mimi ni Mjaluo. Katika Dholuo hakuna sauti ya "sh". Nimelelewa nikisema "samba" nikimaanisha shamba, na nyumbani hakuna aliyenishangaa. Kwenye Kiingereza sauti hiyo ndiyo mlima wangu. Jumanne moja, wiki ya pili baada ya chati kufungwa, mwalimu aliniuliza ninafanya nini nikianza zamu. Nikasema, kwa Kiingereza, kwamba nabadilisha mashuka. Neno la shuka ni "sheets". Mdomoni mwangu likatoka "seats", viti.

Mwalimu, ambaye hakukusudia ubaya, akauliza: viti? Mnabadilisha viti vingapi? Nikarudia neno langu. Likatoka vilevile. Akauliza kama viti vya wodini huvunjika mara kwa mara. Maiki kadhaa zilikuwa wazi, nikasikia vicheko. Nikarudia mara ya tatu, sasa kwa sauti ya chini. Basi akaamua kunisaidia: akatufundisha kwa dakika nne nzima tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza yanayomaanisha kiti. Dakika nne. Nami nimekaa na simu yangu gizani, shuka ninazijua, viti ninavijua, na hakuna njia ya kumwambia.

Chati ingekuwepo ningeandika herufi sita. Angesoma, angeelewa papo hapo kwamba tatizo ni sauti, na angenifundisha sauti: ulimi ukae wapi, midomo ifanye nini. Hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji, na hicho ndicho nilichokikosa. Nililipia somo la matamshi nikapewa somo la viti. Kwa wiki mbili zilizofuata sikufungua maiki. Mume wangu aliniuliza kama bado nasoma.

Siko peke yangu. Wako wenzetu ambao "r" na "l" hubadilishana mdomoni, na wengine ambao "b" yao husikika kama "p". Kila mtu alikuja na lugha ya mama yake, na hakuna aibu ndani yake. Kwenye maandishi lafudhi haionekani. Mwalimu anaona kwanza unachotaka kusema, kisha anakusaidia kukisema.

4. Mwenzetu mwenye kigugumizi.

Yeye ameniruhusu nimtaje bila jina wala mji. Tangu mwezi wa pili hajasema neno hata moja darasani, na karo anaendelea kulipa. Katiba yetu, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Sitaki kukupeleka kwa wanasheria. Nataka ujue kwamba yuko, na kwamba alikuwa mmoja wa waandishi wetu bora.

5. Madaftari yetu.

Daftari langu la mwezi wa kwanza lina kurasa 19 nilizonakili kutoka kwenye chati: neno, maana yake, sentensi ya mwalimu, sentensi yangu mbovu na chini yake iliyosahihishwa. Mwezi wa pili hadi leo nina kurasa nne. Mwalimu akisahihisha kwa mdomo neno linapita na upepo, hasa kwa aliyesikia nusu. Alilolisahihisha kwa maandishi ninalo mpaka leo, nalisoma nikiwa kwenye matatu kwenda kazini.

6. Hatukuambiwa.

Tulipojiandikisha, tangazo la chuo lilisema wazi kwamba wanafunzi wataweza kuuliza maswali kwa sauti na kwa maandishi. Kilichouzwa na kinachotolewa vimekuwa vitu viwili. Karo haikupungua.

Sasa nijibu yale ambayo nimeyasikia yakisemwa, maana nayajua.

Kwamba chati ilikuwa na fujo. Ilikuwa nayo. Nakumbuka jioni ile: mmoja aliweka viungo vya kamari, mwingine akatangaza viatu, kisha wawili wakaanza siasa na kutukanana kwa makabila yao wakati mwalimu anafundisha. Sisi wengine tulichukia kuliko ninyi, kwa kuwa muda uliopotea ulikuwa wetu. Lakini adhabu iliwaangukia 41 kwa makosa ya wanne. Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Njoo ufuoni Dunga asubuhi uwatazame akina mama wanaouza samaki: aliyeoza anatolewa kwenye beseni, wengine wanauzwa. Hakuna anayemwaga beseni zima ziwani. Na programu yenyewe ya Zoom tunayotumia haikukulazimisha kuchagua kati ya kufunga na kufungua. Mwenyeji anaweza kuruhusu ujumbe uende kwake na kwa wasaidizi wake tu. Anaweza kuruhusu uende kwa wote hadharani lakini watu wasiandikiane faraghani. Na anaweza kumtoa nje mtukanaji. Kati ya njia zote hizo mlichukua iliyo kali kuliko zote, siku ya kwanza.

Kwamba mwalimu mmoja hawezi kufundisha na kusoma chati kwa wakati mmoja. Hapa nakubaliana nanyi bila kusita. Hata kabla haijafungwa, maswali mengi yalipita bila kuonwa. Nimeona swali la mtu likisukumwa juu na salamu za waliochelewa kuingia mpaka likapotea, na mwenyewe hakuuliza tena. Macho ya mwalimu yako kwenye slaidi, kwenye saa, kwenye mikono iliyoinuliwa. Msimtwike na hili peke yake. Kila somo mwanafunzi mmoja awe msomaji wa chati kwa zamu, apewe uwezo wa mwenyeji msaidizi, akusanye maswali, na kila baada ya dakika kumi mwalimu asimame asomewe. Nimeshazungumza na wenzangu. Wanane wako tayari kuanza hata wiki hii bila malipo. Na msomaji mwenyewe atakuwa anazoea kusoma maswali kwa Kiingereza kwa sauti mbele ya watu.

Kwamba tunajificha nyuma ya kibodi, na mtihani wa kuongea hauna kibodi. Hoja hii ndiyo nzito, na nimeifikiria sana. Mtihani ule huchukua dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini uso kwa uso. Siwezi kumwandikia. Lakini mwaka 2002 watafiti Scott Payne na Paul Whitney walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Kihispania huko Marekani. Kundi moja lilitumia nusu ya saa zake za darasa likichati, lingine likaongea ana kwa ana saa zote. Mwisho wa muhula walipimwa kwa kuongea, na waliokuwa wakichati ndio walioendelea zaidi. Anayeandika papo kwa papo anapanga sentensi kama anayeongea, ila ulimi umepumzishwa. Mimi najijua: maneno niliyoyaandika mara tatu ndiyo yanayonitoka mdomoni bila kugombana nayo. Kwa hiyo siombi chati ichukue nafasi ya kuongea. Mwalimu aendelee kutuita kwa majina, hata mimi, hata nikitetemeka.

Kwamba tunaandika Kiswahili. Ndiyo, tunaandika. Mtu akikwama kwenye neno moja, mwenzake akimtajia maana yake kwa Kiswahili, anarudi kwenye somo baada ya sekunde mbili. Asipotajiwa, somo limempita. Kuuliza si ujinga. Mkitaka muweke sharti kwamba majibu yawe kwa Kiingereza na Kiswahili kibaki cha kuulizia maana, tutalifuata. Hata yale maandishi ya mkato ya simu, yaliyokatwa mpaka hayatambuliki, yapigeni marufuku. Mimi nitashukuru, kwa sababu yanaharibu tahajia yangu pia na mtihani wa kuandika unaitazama tahajia.

Ninayoomba ni machache.

Chati ifunguliwe kuanzia mwanzo wa mwezi ujao, hadharani kwa wote, ujumbe wa faragha kati ya wanafunzi ukibaki umefungwa. Kila somo liwe na msomaji wa chati na nafasi za kusimama na kusoma maswali, kama nilivyoeleza. Mwalimu akisahihisha neno au sauti, aliandike.

Mazungumzo ya chati yahifadhiwe na kutumwa kwetu baada ya somo. Hili naomba lizingatiwe kipekee, kwa kuwa ukitupwa nje na mtandao ukarudi, yaliyoandikwa kabla huyaoni tena, na sisi wa huku hutupwa nje mara tatu au nne kwa jioni moja. Kabla ya kutumwa, yaondolewe majina ya waliokosea. Makosa ya mtu yasigeuzwe picha ya skrini ya kuchekwa kwenye makundi ya simu. Hilo limewahi kutokea, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawadai ninyi mlinde taarifa zetu.

Mwisho, mwenye kigugumizi, asiyesikia vizuri, au mwenye sababu yoyote ya namna hiyo aruhusiwe kujibu kwa maandishi bila kuombwa aeleze mbele ya darasa.

Naomba jibu lenye majina na tarehe kabla ya tarehe 5 ya mwezi ujao, ambayo ni siku ya karo. Lisipofika, nitaomba nirudishiwe karo ya miezi ambayo chati imefungwa, na wenzangu 14 wataomba vivyo hivyo, kila mmoja kwa barua yake.

Jambo moja tena. Walimu wetu wote wawili hawajui kwamba naandika barua hii. Yule wa Alhamisi hakunituma, na yule wa Jumanne sina kinyongo naye; alifundisha kwa alichosikia. Tafadhali wasiitwe ofisini kwa sababu yangu. Ukihitaji maelezo zaidi, nambari yangu unayo kwenye fomu ya kujiandikisha. Niko zamu ya mchana wiki hii, kwa hiyo napatikana kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Sauti ikikatika, niandikie ujumbe.

Wako katika masomo,

Muuguzi, mwanafunzi wa darasa la Jumanne na Alhamisi,
Nyalenda, Kisumu.